Bibi Yangu na Nyumba Nne: Makumbusho Ambayo Dodoma Bado Haina



Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam "nashuka Makumbusho", moja kwa moja anafikiria stendi ya daladala. Na mimi nilikuwa hivyohivyo mpaka likizo iliyopita, nilipochoka kusubiri gari juani nikaamua kwenda kuona hayo makumbusho yenyewe ambayo eneo zima limeitwa kwa jina lake. Ni Kijiji cha Makumbusho, kando ya barabara ya Bagamoyo, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960. Ndani kuna nyumba za makabila mbalimbali ya Tanzania, zimejengwa kwa ukubwa wake halisi, unaweza kuinama ukaingia.

Nikaikuta tembe ya Kigogo. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Bibi yangu alizaliwa kwenye tembe, huko Mvumi. Nikapiga picha nikamtumia kupitia simu ya mjomba. Jibu lake lilikuwa fupi: "Ni yenyewe. Lakini mbona haina ng'ombe, na mbona hamna moshi?" Halafu akaongeza swali ambalo ndilo limenifanya niandike makala haya: "Na ile nyumba yetu ya kota, nayo wameiweka?"

Hawajaiweka, Bibi. Nimeuliza na kutafuta. Na kadiri nilivyotafuta ndivyo nilivyogundua kwamba historia ya nyumba za umma nchini mwetu ni kubwa, imegusa karibu kila familia, na sehemu yake kubwa iko vichwani mwa wazee ambao hatutakuwa nao milele.

Nyumba za umma ni zipi hasa?

Tukubaliane kwanza kwenye maana. Nyumba ya umma ni ile iliyojengwa au kumilikiwa na serikali, shirika lake au halmashauri, ili watu waishi kwa kodi nafuu au kwa sababu ya kazi zao. Kota za reli, nyumba za walimu, nyumba za Shirika la Nyumba la Taifa, nyumba za Wakala wa Majengo, zote ni za umma. Na usicheke: hata hosteli unayolala wewe, wanne chumba kimoja na jiko la umeme limefichwa chini ya kitanda, ni nyumba ya umma.

Ila mimi nataka kwenda mbele kidogo. Historia ya nyumba za umma haianzi kwenye tofali la kwanza la serikali. Inaanza pale serikali ilipoanza kuwa na maoni kuhusu namna wananchi wake wanavyopaswa kuishi. Kwa hiyo nimeamua kuieleza kwa kufuata nyumba nne za Bibi, maana maisha yake yamepita kwenye historia yote hiyo.

Nyumba ya kwanza: tembe

Tembe ni nyumba ya nguzo na fito, kuta zimekandikwa udongo, paa ni bapa na limefunikwa udongo pia. Vyumba huungana kuzunguka ua, na mifugo hulala humohumo ndani ya boma. Sisi vijana tumezoea kuiona kama alama ya umaskini, lakini tuiangalie kwa akili ya mhandisi. Dodoma mvua hunyesha msimu mmoja tu, takriban Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima ni kama milimita 570. Paa la udongo linatosha kwa mvua kama hiyo. Mchana udongo unazuia joto, usiku unazuia baridi ya uwanda wa juu. Na juu ya paa bapa unaanika mtama na uwele. Ni nyumba iliyoielewa Dodoma vizuri kuliko majengo mengi ya vioo tunayoyaona yakiota sasa.

Bibi hasemi tembe ilikuwa peponi. Anasema paa lilihitaji kukandikwa kila mwaka, na mvua ikizidi linavuja udongo kwenye chungu cha mlenda. Anasema pia kulikuwa na giza na moshi. Hayo nayo ni historia.

Nyumba ya pili: kijijini

Mwaka 1971, baada ya ukame uliouumiza mkoa wa Dodoma, serikali ilianzisha operesheni ya kuwakusanya watu kwenye vijiji vya ujamaa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alipiga kambi Chamwino akashiriki kufyatua matofali na wananchi. Ndiyo Chamwino hiyohiyo ambayo leo ina Ikulu.

Hoja ya serikali ilikuwa wazi. Familia za Kigogo zilikuwa zimetawanyika, na huwezi kupeleka bomba, shule na zahanati kwenye kila tembe. Watu wakae pamoja, wapate huduma. Na pamoja na kijiji likaja neno "nyumba bora": kuta za tofali, madirisha, ikiwezekana bati. Kwa maneno mengine, tembe ikahesabiwa kuwa nyumba duni.

Bibi anakumbuka siku ya kuhama. Anasema walitoka na mlango. Mlango wa mti mgumu, wa baba yake, waliung'oa wakaubeba kichwani, kwa sababu mlango mzuri haupatikani hovyo. Huko walikokwenda walipimiwa viwanja kwa mstari, nyumba zikitazama barabara. "Tulikuwa tumezoea nyumba itazame ua," aliniambia. "Sasa nyumba inatazama watu wapitao." Nilipomwuliza kama alifurahi, alisema shule ilikuwa karibu, wadogo zake wakasoma. Halafu akasema mama yake alilia. Yote mawili ni kweli, na makumbusho ya maana ingebidi yaseme yote mawili.

Kuna kioja kimoja hapa. Mwaka 1977, akitathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu aliwalaumu wananchi na viongozi kwa kuipenda mno saruji na bati. Akaona ajabu kwamba watu wanasubiri miaka wapate saruji, ambayo kimsingi ni udongo uliopewa sifa ya Ulaya, ilhali wana udongo wao wa kufyatulia matofali. Yaani ndani ya miaka sita tu tulikuwa tumeshaambiwa tuache udongo, kisha tukaulizwa kwa nini tumeuacha!

Nyumba ya tatu: kota

Bibi aliolewa na dereva wa serikali. Ndipo akaingia kwenye nyumba ya umma kamili, yenye namba mlangoni.

Ili uielewe kota, lazima urudi nyuma kidogo. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, wakati wa Wajerumani, na mji ukakua kwa mgawanyo wa kikoloni: Wazungu upande wao, Wahindi upande wao, Waafrika upande wao. Jina Uhindini bado tunalo. Mfanyakazi Mwafrika alipewa chumba kidogo kwa sababu mkoloni alimhesabu kuwa mtu wa kupita tu, ambaye kwao ni kijijini.

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kubomoa nyumba za udongo jijini Dar es Salaam na kujenga za tofali mahali palepale. Ilipendeza machoni, ila hesabu ilikataa: ukivunja nyumba moja ukajenga moja, idadi haijaongezeka, na gharama ni kubwa. Miaka ya 1970 sera ikageuka. Serikali ikaanza kupima viwanja na kuweka barabara na maji, kisha mwananchi ajenge mwenyewe. Sinza na Kijitonyama zimetokana na mpango huo. Mwaka 1971 ilipitishwa pia sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Walioguswa zaidi walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia. Mwaka 1990 majengo hayo yakahamishiwa Shirika la Nyumba. Kule Zanzibar, baada ya Mapinduzi ya 1964, Mzee Karume alijenga maghorofa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Yale ya Michenzani mpaka leo ndiyo picha ya kwanza ya mji nje ya Mji Mkongwe.

Halafu ikaja zamu yetu. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa. Mpango kamambe wa mji ulikamilika 1976, umechorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Kanada. Ukiusoma leo unashangaa. Haukutaka mji wa kutisha wenye majengo ya kujionyesha. Ulitaka mji wa jamii ndogondogo zilizounganishwa, mtu atembee kwa miguu au baiskeli na mabasi, na msingi wa ujirani uwe nyumba kumi, zile za balozi. Ujamaa uliochorwa kwenye karatasi ya mipango miji.

Makazi mengine yakapewa herufi: Area A, Area C, Area D. Mnaokaa huko mnajua. Ukimwelekeza mgeni anadhani unamtania.

Sasa ndani ya kota maisha yalikuwaje? Mpango kamambe hausemi, Bibi ndiye anasema. Mwezi uliopita, uani kwake, alichukua kijiti akanichorea mavumbini mstari mzima wa nyumba. Hapa Mhaya, mkewe alinifundisha kupika ndizi, mimi nikamfundisha mlenda. Hapa Mpare, karani, ana redio kubwa, wakati wa mpira nyumba yake inajaa. Hapa Mnyakyusa, mume alihamishwa ghafla wakaacha kuku wote kwetu. Hapa bomba. Bomba lilikuwa moja, maji yanatoka usiku, wanawake wanapanga ndoo kwenye foleni na kila mtu anaijua ndoo yake kwa rangi ya kamba. "Ukitaka kujua nani kagombana na nani," alisema, "angalia ndoo zilivyopangwa." Na hapa mwarobaini alioupanda Babu mwenyewe.

Watu walitoka pande zote za nchi, hakuna aliyekuwa na shangazi wala mjomba karibu. Kwa hiyo jirani akawa ndugu. Mtoto akiumwa usiku, aliyekimbia naye hospitali ni yule mwenye baiskeli. Msiba ukitokea, kota nzima inachanga. Tunaposema Mtanzania haulizi kabila la mtu, huwa tunataja hotuba, jeshi na shule za bweni. Mimi nadhani foleni ya maji ya kota nayo idaiwe sehemu yake.

Nyumba ya nne: ya kwetu

Kota ina kanuni moja ngumu: kazi ikiisha, nyumba imeisha. Babu alistaafu mwaka 1998 akakabidhi funguo. Miaka michache baadaye, kuanzia 2002, serikali iliuza nyumba zake nyingi kwa watumishi, uamuzi uliozua mjadala mkubwa na ambao wazee wengi bado wanaujadili vijiweni.

Babu na Bibi walihamia kwenye mtaa ambao haukuwa umepimwa, walikokuwa wamejenga kidogokidogo, tofali hamsini mshahara huu, bati tatu mshahara ule. Huko ndiko nilikolelewa. Nakumbuka utotoni siku ukuta wetu ulipoamkia na alama nyekundu ya X. Haikufuatiliwa, ila Bibi hakuipaka rangi juu yake kwa miaka, eti akiifuta wataona anakaidi.

Baadaye sheria za mji zenyewe zikabadilika. CDA ilikuwa ikitoa hati za ardhi za miaka 33, wakati kwingine mijini mtu aliweza kupata hadi 99, jambo lililolalamikiwa sana. Mei 15, 2017 Rais Magufuli aliivunja CDA na majukumu yake yakaenda halmashauri. Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 kwenye manispaa. Ya 2022 ikahesabu 765,179 kwenye jiji. Karibu mara mbili ndani ya miaka kumi! Ndiyo maana geto linapanda bei kila bumu likitoka, na ndiyo maana kila kiwanja cha katikati ya mji kinatafutwa.

Mwaka jana nilipita pale kota. Nyumba ya Bibi haipo. Pana uzio wa mabati na ghorofa linapanda. Mwarobaini umebaki, umeshikilia waya za umeme za fundi. Sikumwambia Bibi kwa wiki mbili.

Makumbusho ya nyumba yanafanya nini?

Kuna mji duniani ambao wapangaji wenyewe walikataa hali hii. Huko Chicago, Marekani, serikali ilifungua mwaka 1938 makazi ya umma yaliyoitwa Jane Addams Homes. Miaka mingi baadaye yakabomolewa karibu yote. Wapangaji wa zamani wakadai angalau jengo moja libaki, libebe hadithi zao. Walipigania kwa miaka mingi, na Aprili 2025 jengo hilo likafunguliwa kuwa National Public Housing Museum. Ndani kuna vyumba vilivyopangwa upya kama familia zilivyoishi, na vitu vya kawaida vilivyotolewa na wapangaji. Na jambo lililonigusa zaidi: sehemu ya jengo hilohilo imetengenezwa fleti za watu kuishi. Makumbusho na nyumba, ukuta mmoja.

Maonyesho ya namna hii yana kazi tatu. Ya kwanza ni kuonyesha kwamba mtu wa kawaida naye ana historia. Makumbusho zetu zimejaa fuvu la kale, kiti cha chifu na gari la kiongozi, na ni vizuri, ila ndoo ya foleni iko wapi? Ya pili ni kuweka sera na maisha kwenye meza moja, ramani ya mpango kamambe upande huu na ramani ya kijiti cha Bibi upande ule, mtazamaji apime mwenyewe. Ya tatu ni ushahidi. Pale Magomeni Kota, Dar es Salaam, kaya 644 ziliondolewa nyumba zao za zamani zikabomolewa, na baada ya miaka ya kusubiri maghorofa mapya yakazinduliwa Machi 2022, wakazi walewale wakarudi. Jambo kubwa kama hilo linahitaji watu kukumbuka nani aliishi wapi na aliahidiwa nini. Jamii isiyo na kumbukumbu haiwezi kudai.

"Watu hawana pa kulala, wewe unataka makumbusho?"

Hiyo ni hoja ya rafiki yangu wa chumbani, tena ana haki. Mji unaoongezeka hivi unahitaji nyumba kwanza. Sisemi kota zote zibaki. Bibi mwenyewe anakiri vyumba vilikuwa viwili na choo kiko nje. Ninachosema ni kwamba nyumba moja tu kati ya mamia ingetosha. Ibaki na jiko lake, bomba lake na namba yake mlangoni. Na kama hata moja haiwezekani, chumba kimoja kwenye maktaba kingeanza kazi.

Pia nakubali kuna hatari ya kuigeuza kota kuwa hadithi tamu. Kota ilikuwa na upendeleo: aliyekuwa na kazi serikalini alipata, mama ntilie aliyempikia hakupata. Na ardhi ambayo CDA ilipanga haikuwa tupu, ilikuwa na mashamba na tembe za watu. Hata milima hii tunayosomea ilikuwa na wenyewe kabla ya chuo kufika 2007. Maonyesho yakiyaficha hayo yatakuwa tangazo la biashara.

Tuanze na daftari

Hatuna uwezo wa kujenga makumbusho, lakini kila mmoja wetu ana simu yenye kinasa sauti. Likizo ijayo ukifika nyumbani, mkalishe mzee mmoja. Usimwulize "eleza historia ya makazi", atakutazama tu. Mwulize: mlango wenu ulitazama wapi? Maji mlichota wapi, saa ngapi? Jirani wa kushoto alikuwa nani, na alikukosea nini? Mlipohama mlibeba nini? Mwombe achore. Piga picha kadi ya kodi, barua ya kupewa nyumba, ufunguo. Andika tarehe na jina la mtaa nyuma ya kila picha. Tukiwa mia moja tu tuliofanya hivyo, tayari tuna maonyesho, na ukumbi wa kuyaweka hatukosi.

Mimi nimeanza. Nilipomwambia Bibi kwamba nyumba ya kota imevunjwa, alinyamaza, akaendelea kuchambua mlenda. Kisha akaniuliza kama mwarobaini upo. Nikamwambia upo.

"Basi, mke mwenzangu," akasema, "lete hicho kijiti. Jana sikukuchorea nyumba ya yule mwenye baiskeli."